Mlango wa kabati la Brigita

Damiani, usicheke. Lile kabati la harusi nililomtengenezea dada yangu Brigita limenivua nguo leo, wakwe zake walipokuja kumchukua.

Mlango umepinda! Naufunga, unafunguka. Naufunga, unafunguka. Watu ua mzima wananitazama.

Mama mkwe wake akaniambia, "Fundi, basi twende wote ukaushikilie."

Ukaushikilie, Damiani! Mimi!

Nimeung'oa, nikaupasua nyuma ya nyumba. Yaani ile plaiwudi ndani ni uchafu mtupu! Matabaka hayashikani, katikati mapengo, yananuka ukungu. Nimetema mate.

Na kule dukani Lindi nilikoinunua nilitazama uso unavyong'aa tu, ukingo sikuugusa. Tena plaiwudi zote zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimebonyea migongo, nami naziona! Ovyo kabisa.

Basi bibi yetu akatoa sanduku lake la majani ya chai, plaiwudi ya enzi za Mwingereza. Kifuniko kimenyooka mpaka leo. Vyombo vya Brigita vimeondoka vikiwa humo, kwa vigelegele.

Kabati wameniachia. Nimerudi kulitazama sasa hivi, kuku keshatagia ndani.