Kingo za Kitabu cha Mama Mkunga

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi dirishani hapo kwa kaka, na miwani mipya puani. Wifi amenipa habari kwamba bandeji za macho zimetolewa, na kwamba siku ya pili tu ulisoma maandishi ya kisanduku cha kiberiti kisha ukalalamika kuwa yamechapwa upande. Nilicheka peke yangu karakanani mpaka machozi yakanitoka. Huyo ndiye baba yangu hasa. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma huko mbele.

Kazi inakwenda. Mwezi huu nimejalidi rejista za shule ya msingi, na kamusi moja kubwa iliyoachana kabisa na mgongo wake. Mwenyewe aliileta ndani ya mfuko wa unga kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Nilipoifungua nikafanya kama ulivyonifundisha, nikatazama tundu za sindano kwenye mikunjo ili nijue imepita mikononi mwa nani. Walikuwa mafundi wawili. Wa kwanza alikuwa na subira, tundu zake ndogo na zimelingana; wa pili alikuwa na haraka zake, akatoboa popote. Nilikukumbuka unavyokoroga gundi ya unga huku ukieleza kwamba watu wa zamani waliacha pambizo pana makusudi, kwa kuwa walijua kitabu kitaishi kuliko jalada lake, na kila fundi atakayekishona upya atapunguza kingo kidogo ili kurasa zilingane. Ndiyo maana ulinikataza kukata kitabu cha mtu kabla sijakifunua ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho. Wateja walikuwa wakitutania kwamba tunasoma vitabu vyao bure.

Wifi aliniambia kwa simu na jambo jingine, na hilo limeninyima raha. Alisema alikuuliza kama sasa utarudi kazini, maana macho yamepona, nawe ukamjibu kwamba macho yamerudi lakini kisu hutakigusa tena; fundi aliyekata maneno ya mama mkunga hana haki ya kushika kitabu cha mtu. Baba, simu ilipokatika nilikaa sakafuni. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijidanganya kwamba uliacha kazi kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Nivumilie niirudie siku ile. Unaijua, lakini unaijua vibaya.

Mama mkunga alituletea kitabu cha ukunga alichokitumia tangu akiwa chuoni. Mgongo ulikuwa umekatika, naye alitaka kimdumu, amwachie binti wa dada yake anayesomea kazi hiyohiyo. Ulikishona mwenyewe, kwa uzi uliopakwa nta, ukakibana kwenye mbano, ukatoka kwenda kuchagua ngozi. Asubuhi hiyo ulikuwa umekata vitabu vinne, na ulishaanza kupapasa meza ukitafuta mkasi uliokuwa mbele yako. Uliporudi ulikuta kitabu kimekwisha kukatwa, kimo ndani ya rundo lako. Ukadhani umesahau. Ukakivika jalada.

Mama mkunga alipokuja kukichukua alifurahia ngozi, akainusa, akakusifu. Kisha akafunua sura ya uchungu wa uzazi. Pale, kwenye pambizo, alikuwa ameandika kwa penseli habari za watoto aliowapokea kwa miaka arobaini: huyu alitanguliza miguu, huyu alichelewa kulia, huyu mama yake aliimba mpaka mwisho. Kila mstari ulikuwa umekatwa katikati. Alikusema, Baba, mbele ya karani wa shule na mwanasheria waliokuwa wakisubiri kazi zao. Alisema mtu asiyeona aone haya, akae nyumbani. Wewe ulipitisha kidole kwenye kingo, ukainama, ukamwomba radhi, ukasema ni macho yako. Mimi nilikuwa pembeni nakoroga gundi iliyokwisha kuiva.

Baba, ni mimi niliyekata.

Ulipotoka nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha, unisifu. Nilifunua kurasa ishirini za mwanzo, zile za mifupa na mishipa, nikaona pambizo ni nyeupe, nikasema basi. Sikujua kwamba mama wa watu alianza kuandika pale watoto walipoanza kuzaliwa. Nilipoinama kufagia ndipo nilipoona penseli kwenye vipande vya karatasi. Wakati ule sikukuambia uongo hata neno moja. Nilikinyanyua kitabu nikakichomeka katikati ya vile vinne vyako. Hapo ndipo nilipokuuza.

Na kuna baya zaidi. Uliniuliza vile vipande viko wapi, kwa kuwa ulitaka kuviunganisha kimoja kimoja. Nikakujibu nimevichoma na takataka. Sikuvichoma. Nilivificha katika bahasha nyuma ya ubao wa kabati. Ungeviona tu ungeutambua mkono wangu, maana mimi huanza kukata kwa nguvu na kumaliza nimechoka, mstari ukaenda upande, kama ulivyonigombeza mara mia. Kitabu kingeweza kupona wiki ileile. Nilikiacha na jeraha ili mimi nibaki msafi. Nikakusindikiza kituoni ulipohamia kwa kaka, nikakubebea begi, nikakuambia pumzika Baba, umefanya kazi vya kutosha. Nikikumbuka maneno hayo natamani ardhi inimeze.

Juzi nilikwenda kwa mama mkunga na ile bahasha. Nilitegemea atanifukuza. Alivimwaga vipande mezani akaanza kuvisoma. Kwa nusu ya neno tu anamjua mtoto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, iweje nilimwacha mzee aliyenilea amwombe radhi yeye kwa kosa langu. Nilimwomba anipe kitabu nikiunge. Alikataa katakata. Alisema hakigusi mtu ila wewe, na kwamba atakungoja hata mwaka, kwa sababu naye ana deni la kukuomba msamaha mbele ya wale waliomsikia. Nimekwisha kuwafuata wote wawili, karani na mwanasheria, nikawaeleza mwenyewe. Karani alishindwa kunitazama.

Sikuandikii hivi ili unihurumie. Nakuandikia ujue kwamba mkono wako haukukosea. Kazi uliiacha kwa kosa ambalo hukulifanya, na miaka mitatu hiyo siwezi kukurudishia hata siku moja.

Nisalimie kaka na wifi. Ukiona vema uwasomee barua hii, wasomee yote, usiruke mahali kwa ajili yangu. Majirani wa karakana wote hawajambo, wanakuulizia. Nami nakuombea macho mema na usingizi mzuri.

Na kama utanijibu, Baba, usianze na salamu. Anza na kunigombeza.

Ni mimi mwanao,
uliyenibandika jina la Gundi kwa kuwa sikubanduka kwako.