Trela ya Rukara

Kigali, 4 Septemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Kifua kinasemaje? Bado unakohoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nimekonda kwa vumbi la safari na kwa mambo ambayo macho yameyaona huku. Hayo sitaki kuyaandika.

Habari njema ninayo. Nimepata nyumba hapa Kimironko. Ya matofali, vyumba vitatu, bati zima, na uani kuna tangi la maji ya mvua. Nimeweka kitasa kipya. Karakana pia nimefungua karibu na soko. Mashine ya kuchomea nimeiunga kwenye jenereta, na kazi haikosekani, kwa sababu kila mtu anataka mlango, milango yote ilivunjwa. Chumba cha mbele ni chako. Mwambie Aimable wa lori akubebee godoro uje tuone nchi yetu pamoja.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kuna mbwa mweusi, mifupa mitupu, kila jioni anakuja kulala mlangoni. Namfukuza, anarudi. Hapa mbwa wanapigwa risasi na hakuna anayewaonea huruma, kwa ajili ya walichokula miezi ile ya mauaji. Huyu hanibwekei. Ananitazama tu, kama mtu anayesubiri nimalize shughuli zangu niondoke.

Nijibu kupitia kwa Aimable.

Mwanao,
Damascène


Bujumbura, 18 Septemba 1994

Damascène mwanangu,

Amani ya Bwana ikufikie. Kifua kinakohoa kama ilivyo desturi yake, lakini miguu inaniitikia na misa naenda. Majirani wote wa Buyenzi wanakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeniambia bati, umeniambia tangi, umeniambia kitasa. Mwenye nyumba hukumtaja. Nyumba ya matofali haioti kama uyoga, mwanangu. Ni ya nani?

Na huyo mbwa. Mbwa mwenye njaa huenda sokoni kutafuta mifupa, halali kwenye mlango wa mtu asiyempa kitu. Anayelala mlangoni yuko kwao.

Usimpige. Mpe chakula. Godoro langu bado sijalikunja.

Mama yako


Kigali, 9 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Pole na kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui nikuambieje.

Ulipouliza nyumba ni ya nani, niliikunja barua nikaitia mfukoni. Wengi tuliorudi tumefanya vile vile: unaona nyumba tupu, unafagia, unaingia. Nilijiambia wenyewe wamekufa au wamekimbia. Sikumuuliza jirani hata mmoja, maana niliogopa kujibiwa.

Juzi mwenyewe amekuja.

Anaitwa Cécile. Ni wa rika langu, lakini anatembea kwa fimbo, mguu mmoja haukunjiki. Alisimama getini akabisha hodi. Kwake mwenyewe, Mama, anabisha hodi! Na mimi niko ndani nakunywa chai kwa kikombe nilichokikuta kabatini. Nikamwambia, "Karibu." Nilimkaribisha nyumbani kwake.

Akasema, "Sikuja kwa ajili ya nyumba. Nimesikia mbwa wangu yuko hai."

Akaita kwa sauti ndogo, "Rukara!" Yule mbwa akatoka nyuma ya tangi akitambaa kwa tumbo, analia kama mtoto. Cécile alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Mumewe Cassien na watoto wao, waliokuwa wakilala chumba cha mbele, waliuawa mwezi wa nne. Yeye alijificha kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba, amemkumbatia Rukara, na mbwa hakutoa hata pumzi ya kusikika. "Huyu hakula mtu," akaniambia, utafikiri mimi ndiye hakimu. "Waliowajua wanangu wamekwisha wote. Amebaki yeye."

Sasa anaishi kwa dada yake Rwamagana. Mabasi hayapakii mbwa, na kumtembeza barabarani ni kumpelekea risasi. Akaniuliza kama pikipiki yangu inaweza. Nikasema nitatengeneza trela ya kuivuta nyuma, yenye sanduku lililofunikwa, asionekane wala asidhurike. Nilisema upesi upesi, Mama. Nilifurahi kwamba ameomba hicho na si kingine.

Alipoondoka hakutazama ndani.

Mwanao,
Damascène


Bujumbura, 20 Oktoba 1994

Damascène,

Leo sina salamu ndefu. Nakuombea uzima.

Mwaka wa sitini na moja tulipotoka Nyanza, niliacha maharage motoni. Aliyeingia aliyala, nadhani, kisha akalala kwenye kitanda alichochonga marehemu baba yako. Sikumjua. Ila miaka yote hii nimempa sura kichwani: mtu mbaya, macho mekundu, mikono michafu. Sasa unaniambia ana sura yako.

Mwanamke yule hakukuachia nyumba. Ameogopa tu kuidai. Woga wa mtu si ruhusa.

Trela itengeneze, tena uitengeneze vizuri. Kisha umwambie neno ambalo hukumwambia. Mimi siji kulala kwenye chumba cha watoto wa mtu.

Mama yako


Kigali, 13 Novemba 1994

Mama,

Nisamehe kwa kunyamaza. Aimable alipita karakanani kuuliza kama nina barua, nikajificha nyuma ya jenereta mpaka akaenda. Mtu mzima mimi.

Trela ya kwanza niliijenga kama mtu anayekimbia deni. Nilichukua magurudumu ya toroli, nikachomea fremu, nikaweka sanduku refu la mbao juu, na mkono wa kuvutia nikaukaza kwa boliti kwenye pikipiki, hauchezi. Na nilijua! Fundi gani asiyejua kwamba pikipiki hulala upande ikikata kona, na trela isiyo na kiungo cha kuzunguka italala nayo? Nilijua, lakini nilitaka Rukara aondoke, nisitazamwe tena kila jioni.

Nikamtia ndani, nikamfunga kamba shingoni, nikatoka. Kwenye kona ya soko nikakwepa shimo, trela ikapinduka. Sanduku likaburuzwa. Kamba ikamkaba, ikabidi niikate kwa kisu huku ulimi wake umeshatoka nje. Mguu wa mbele ukateguka.

Watu wakajaa. Muuza mihogo mmoja akalitazama sanduku, akasema kwa sauti, "Watu wetu wamezikwa bila ubao. Mbwa amechongewa sanduku!" Mwingine akaokota jiwe. Ningeweza kuwaambia ni mbwa wa nani. Wengi pale walimjua Cécile. Mdomo ukakataa, kwa sababu nikisema mbwa ni wa nani wataniuliza nyumba ni ya nani. Nikamfunika kwa koti langu nikambeba hadi nyumbani, wananizomea. Njiani akanilamba mkono. Afadhali angeniuma.

Aliyenifuata ni Scovia, fundi cherehani wa pale sokoni. Akaufunga mguu wa mbwa kwa vitambaa, halafu akaniuliza, "Unamjua mwenye mbwa huyu?"

Nikamwambia yote, hata la nyumba.

"Sare za shule za watoto wake nilikuwa nashona mimi," akasema.

Nilidhani atanitemea mate. Akasema, "Kamba ya shingo ni ya kunyongea. Niletee mikanda ya viti vya gari bovu." Ameshona mkanda unaopita kifuani na chini ya kwapa, wala haugusi shingo.

Fremu nimeikatakata yote. Naanza upya.

Mwanao mwenye aibu,
Damascène


Bujumbura, 24 Novemba 1994

Mwanangu,

Nimelia, halafu nikacheka kidogo juu ya jenereta. Mzima mimi.

Mguu wa mbwa ukande kwa maji ya moto yenye chumvi. Anakula? Usiwe na haraka na chuma. Haraka uwe nayo kwa lile neno.

Mama yako


Kigali, 11 Desemba 1994

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mimi ni mzima, na leo naandika bila kujificha.

Trela ilikamilika. Safari hii nilitafuta magurudumu ya pikipiki ndogo, yenye springi, nikayatenga mbalimbali, nikalishusha sanduku katikati yake, karibu na ardhi, lisiweze kupinduka. Kwenye mkono wa kuvutia nikaweka kiungo nilichokitoa kwenye usukani wa gari lililoungua. Kinazunguka kila upande: pikipiki ilale inavyotaka, trela inabaki wima. Nikaongeza mnyororo, ili kiungo kikikatika trela isipotee. Sakafuni mpira na magunia, ubavuni wavu wa kupitisha hewa, juu turubai. Mkanda wa Scovia nikaufunga chini, urefu wa kumwezesha kugeuka na kulala, si kuruka nje. Kwanza nikabeba gunia la mchanga, nikazunguka mtaa wote wa Kibagabaga. Halafu nikabeba mayai kwenye majani makavu. Hata moja halikupasuka. Ndipo nikampandisha Rukara.

Tulipita njia ya udongo ya Masoro na Ndera, polepole, ili kukwepa vizuizi vya askari. Kila nilipogeuka, pua yake ilikuwa kwenye wavu, inanusa upepo.

Rwamagana, Cécile alisikia pikipiki akatoka bila fimbo. Walivyokutana sitaeleza, niligeukia upande wa migomba. Nilikuwa nimelibeba lile neno tangu Kimironko, nikaona nisipolisema sasa, usiku nitalala tena kwenye nyumba yake.

"Dada Cécile," nikasema, "nyumba niliingia bila kuuliza, kwa sababu sikutaka kujibiwa. Hukunipa. Naomba radhi. Ufunguo huu hapa."

Akaupokea, akaugeuza mkononi. "Huu si wangu," akasema. "Kitasa umeweka wewe."

Nilitazama viatu vyangu. Dada yake alikuja mlangoni akatusikiliza, akarudi ndani. Cécile akawa anampapasa Rukara masikio, kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Trela hii inaweza kurudi naye?"

"Inaweza."

"Basi tupeleke nyumbani. Nikingoja kesho sitathubutu."

Alipanda nyuma yangu, mguu ameunyoosha pembeni. Nikashika barabara kuu, maana ule mguu usingestahimili mashimo ya Ndera. Kwenye kizuizi askari kijana akainua turubai. Alipoona mbwa, mkono ukaenda kwenye bunduki.

"Wa nani huyu?"

Nikajibu mimi, kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia. "Ni wa mama huyu. Alijificha naye. Na nyumba tunayokwenda ni yake, mimi niliyekuwa nakaa humo natoka leo." Askari akamtazama Cécile, akautazama mguu. Akalishusha turubai na kulifunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifunga mimi.

Vitu vyangu nilivitoa yeye akiwa amekaa uani. Ni vichache, lakini kila nilipopita mbele yake na sufuria au kitanda, niliona kama nimebeba soko zima. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama. Hakuna aliyezomea, na hiyo ilikuwa nzito zaidi. Mlango wa chumba cha mbele Cécile aliniomba niufunge, akasema ataufungua siku yake. Scovia amekuja kulala naye.

Nilipowasha pikipiki akanifuata hadi getini, Rukara akichechemea pembeni yake, akasema, "Asante."

Asante ile, Mama, sikujua pa kuiweka. Ningepokea matusi kwa mikono miwili.

Sasa niko karakanani. Nyuma kuna chumba kimoja, kinanuka mafuta na moshi wa kuchomea, na kikohozi chako hakitakipenda. Nyumba niliyokuahidi sina. Ukisema hutakuja, nitaelewa. Ukija, kitandani utalala wewe.

Mwanao,
Damascène