Vichupa Ishirini na Vinne vya Majani

Jumatatu, 4 Machi

Koti, yule mtafiti kijana, amerudi na koti lake. Jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari! Miaka minne masomoni na bado hajui bomba la chumba cha mimea linafunguliwa upande gani. Daktari, mkuu wetu, anamwita "mwenzetu". Mimi, fundi wa maabara mwaka wa kumi na moja, ni "dada yetu wa majani".

Lakini leo Daktari amesema mbele ya watu: safari hii jina langu litaingia kwenye makala. La tatu, baada ya lake na la Koti. Nilijifanya sikusikia vizuri ili arudie.

Kazi yenyewe si ya kuumiza kichwa. Miche ya kunde ya rafu ya juu iko chini ya taa kali. Ya rafu ya chini imefunikwa wavu mweusi, iko kivulini. Tunachuma majani, tunatoa mafuta yanayojenga utando wa kloroplasti — vile vichumba vya kijani jani linamotengenezea chakula — tunapima. Jani la kivulini lina njaa ya mwanga, hivyo hujijengea utando mwingi. Nimeliona hilo hapa mara kibao. Koti anadhani kaja kuligundua.

Jumanne, 5 Machi

Tumechuma. Mimi kivuli, yeye taa. Vichupa kumi na viwili kila mtu. Akauliza aandike nini juu yake, maelezo marefu au vipi. Nikamwambia, "Herufi moja na namba. Hata mtoto wa chekechea anaweza." Akaandika. Sikumtazama. Kumtazama yule akifanya kazi ni kuzeeka bure.

Mama kapiga simu. Ameshawatangazia majirani kwamba jina la mwanawe linachapishwa. Akauliza hayo mafuta ya majani yanakaangia nini. Nikamweleza. Akasema basi hiyo sehemu hatawaambia.

Alhamisi, 7 Machi

Mjinga! Mjinga wa kutupwa!

Nimefungua friza. Vichupa ishirini na vinne, vyote K. Yangu ni K ya kivuli. Yake — K ya kali! Taa kali, eti! Mwenye akili timamu angeandika M, mwanga, yakaisha. Sasa kuna K1 mbili, K2 mbili, mpaka K12. Na vimechanganyika kwenye kreti moja, kwa sababu — haya, jana nilivihamisha mimi, nikitafuta nafasi, bila kusoma.

Koti yuko semina, anakula biskuti. Nimsubiri ili iweje? Tuanze kesi ya nani kakosea? Nimevitenga mwenyewe kwa mwandiko. Ni wa aina mbili: K zilizonyooka na K zilizolewa. Zilizolewa ni zake, hilo halihitaji hakimu. Kwenye daftari la maabara nimeandika "sampuli zimepangwa". Si uongo.

Jumanne, 12 Machi

Matokeo yametoka. Majani ya taa kali yana utando mwingi kuliko ya kivulini. Kinyume kabisa! Nimesoma mara tatu.

Daktari amepiga meza kwa furaha. Anasema ni jambo jipya, Ijumaa hii atawaonyesha wafadhili. Jipya! Miaka kumi na moja majani yananiambia kitu kimoja, leo yageuke kwa heshima ya wafadhili? Na huyu ndiye anayetuongoza. Koti alitafuna kalamu. Bila shaka alichuma rafu siyo.

Ningesema kitu. Lakini jina langu liko ukurasa wa kwanza wa rasimu ya makala. Nimeligusa kwa kidole. Wameliandika sawasawa, hawakuruka herufi.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi Koti aliandika mahitaji ubaoni. Kreti. Karatasi. Kemikali. Nikasimama na chai yangu, natazama. K zote zimenyooka, unaweza kuzipimia rula.

Nimekwenda kutoa vichupa vyangu vya mwezi uliopita. Glavu mbili mbili, baridi, haraka. K zimelewa chakari. Nilimdharau mpaka nikamkabidhi mwandiko wangu.

Mchana huu kaingia hapa ofisini, akafunga mlango taratibu. Ameanza na salamu, kama kawaida yake, hata leo. Matokeo yanamsumbua, anasema. Kisha:

"Dada, mimi niliandika K ya kali. Wewe uliandika nini?"

Nimemwambia asubiri, namalizia kazi. Ndiyo hii. Naandika ili nisimtazame usoni.

Anasema hajamwambia Daktari, amekuja kwangu kwanza. Anasema kosa ni lake, hakuuliza mara ya pili, na kesho atasimama mbele ya wafadhili alibebe peke yake. Lake! Anataka kujua kitu kimoja tu: vichupa vilitenganishwaje. Amesoma daftari la maabara, amekuta maneno mawili. Haamini kwamba mtu makini kama mimi aliishia hapo.

Makini. Amesema hivyo hivyo, bila kejeli.

Bado amesimama. Hata kiti hajavuta. Najua anatazama mkono wangu unavyokwenda.

"Jibu liko kwenye daftari hilo, dada?"

Amenyoosha mkono alichukue