Mazishi ya Mwamgongo Hayakuwa Mgomo

Kwa anwani ya Mwalimu Pastory,
S.L.P. 63,
Kigoma.
Jumapili, 19 Agosti 1973.

Mpendwa mwanangu Leodgar,

Shikamoo uliyonitumia wakati wa Pasaka naiitikia leo: marahaba. U hali gani huko Dar es Salaam? Mkeo Melania hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto, kimekwisha au bado mnamhangaikia? Sisi huku Bangwe tu wazima. Goti langu la kushoto linauma upepo wa ziwani ukivuma, lakini natembea, nakula, nalala, na nina hasira. Kwa hiyo afya ninayo.

Usishangae mwandiko. Barua zangu zote za nyuma aliandika Mwalimu Pastory, mimi nikimtajia maneno na yeye akiyalainisha njiani. Hii naiandika mwenyewe, ya kwanza tangu nizaliwe. Mwaka jana nilimaliza darasa la watu wazima pale kiwandani na nikafaulu. Leo hakuna wa kunilainishia.

Jumatatu iliyopita tuliitwa getini, wanawake kumi na wawili wa kukata miche ya sabuni. Oswald, mwenyekiti wa kamati yetu ya wafanyakazi, alipanda juu ya kreti akasoma barua kutoka ofisi yenu ya chama cha wafanyakazi. Ilisema kwamba tarehe 9 na 10 Julai tulifanya mgomo usio halali, tukahujumu uzalishaji wa Taifa, na kwamba chama hakiwezi kututetea. Alipofika mwisho akataja jina la aliyeandika. Nikasema moyoni, huyo ni Leodgar mwingine, Dar es Salaam ni kubwa. Nikaomba niione karatasi. Ile sahihi yenye mkia mrefu naijua, maana huja kila Krismasi.

Leodgar, ulimwuliza nani? Ulisoma maneno ya meneja, ukasoma maneno ya Oswald, ukapiga muhuri. Shangazi yako anafanya kazi katika kiwanda hichohicho mwaka wa tisa huu. Hata kuniuliza kwa mistari miwili hukuona haja! Basi nisikilize sasa.

Zaituni alikuwa mwenzetu mezani. Mtu wa Mwamgongo, wazee wake walivuka kutoka Kongo, Mwislamu, mcheshi kupita kiasi. Alipanga chumba Kasingirima akawa anakwenda kwao mwisho wa mwezi. Siku ya Saba Saba alicheza ngoma mpaka kiatu kikakatika. Usiku wake homa ikampanda, na Jumatatu alfajiri akafariki mikononi mwa Margareta, mwenzetu mwingine wa mezani, aliyekuwa jirani yake.

Wewe ni mtu wa huku, sina haja ya kukufundisha. Mwislamu halazwi akingojea Jumapili ya mapumziko yetu. Mwamgongo hakuna barabara, ni maji tu. Na mwanamke huoshwa na wanawake, na hapa mjini hakuwa na dada wala mama. Alikuwa na sisi.

Tuliomba ruhusa. Usikubali akwambie mtu kwamba hatukuomba. Saa moja asubuhi tulikuwa getini tukimngoja meneja. Alipokuja akasema poleni sana, chagueni wawili wa kutuwakilisha, wengine muingie kazini. Tangu lini msiba ukapelekewa wajumbe kama mkutano wa tawi? Nani angemwinua, nani angechota maji, nani angeshika shuka ya sitara, nani angekaa na mama yake? Margareta akamjibu kwa adabu, "Bwana Meneja, twende tumsitiri mwenzetu, tukirudi tutafidia." Tukaondoka.

Walio wa dini yake walimwosha pale Kasingirima. Mimi Mkristo nilishika pembe ya shuka na sikuangalia chini. Tukapanda mtumbwi wa injini, tukafika mchana, akazikwa alasiri. Upepo ukachafuka, mwenye mtumbwi akakataa kurudi, tukalala chini pamoja na mama wa marehemu. Jumanne jioni tulikuwa tumerudi Kigoma. Jumatano saa moja kasoro tulikuwa mezani na visu vyetu. Hizo ndizo siku mbili za mgomo.

Sifichi kitu. Pipa zima la mafuta liliganda na sabuni ya siku ile ikaharibika. Tulisema tutafanya kazi Jumapili mbili kuirudisha. Meneja akasema hataki mjadala, akatusimamisha sote papo hapo. Ni huyuhuyu aliyekuwa akikaa kiti cha mbele tuliposomewa Mwongozo, pale penye kukataza viongozi kuwa na kiburi na dharau, akitikisa kichwa kukubali kuliko sote.

Na huyo Oswald wako! Mwulize tarehe 9 Julai alikuwa wapi. Alikuwa Mwamgongo, Leodgar. Tulikuwa naye mtumbwini. Alishika jembe akachimba kaburi, akala ugali na migebuka ya watu, akalia machozi ambayo mimi niliyaona. Wiki ya pili yake akatia sahihi kwamba wanawake waligoma. Yeye, anasema, alikuwa safarini kwa shughuli za kamati. Nilipomkabili akaniambia, "Mama Honorata, we hujui mambo ya ofisi." Kweli siyajui, na nikikutana naye sokoni namgeuzia mgongo.

Baada ya kusomewa barua yako, tukaletewa karatasi. Meneja akasema ni karatasi ya msamaha, tuchovye dole gumba tu, turudi kazini. Wino ulikuwa tayari mezani. Walisahau kwamba wao wenyewe ndio waliotufungulia darasa. Nikaichukua, nikaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno: "Nakiri kwamba niligoma kinyume cha sheria, na ninajutia kitendo changu." Margareta alikuwa ameshachovya kidole. Alikifuta kwenye kanga yake, kanga mpya.

Stephania peke yake alitia dole. Mumewe hainuki kitandani mwezi wa nne sasa. Simlaumu, na wewe ukimlaumu nitakuchapa hata kama una ofisi. Sisi kumi na mmoja tumekataa. Tumepewa mpaka Ijumaa tarehe 31, baada ya hapo tumefukuzwa, basi.

Sasa utasema shangazi ameogopa neno mgomo. Siogopi hata kidogo. Mgomo naujua kuliko wewe unayeuandika. Mahamali wa gatini walipogoma enzi za Mwingereza, baba yako Gervasi alikuwa mstari wa mbele, na mimi ndiye niliyewapikia uji siku tatu. Walisema asubuhi tunagoma, wakasema sababu, wakakaa chini. Mtu anayegoma anajua kwamba anagoma. Nikitaka kugoma nitagoma, na meneja atakuwa wa kwanza kuambiwa. Lakini sitasema kwamba nilimsindikiza Zaituni kwa ajili ya kumkomoa meneja, na sitajutia kumshikia shuka. Mama yake akisikia nimejutia, nitamtazama vipi?

Ulikuwa na miaka saba baba yako alipofariki kwa homa, labda umesahau. Mimi sijasahau. Meli ilikuwa gatini na marobota ya pamba kutoka Kongo, na mahamali wote waliyaacha pale walipoyatua. Walimbeba kwa zamu mpaka makaburi ya misheni. Wewe ulipanda mabegani kwa Feliksi, Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu, maana ulichoka kutembea. Mzungu msimamizi alisimama mikono kiunoni akanuna. Kesho yake walirudi wakapakua, naye hakuandika barua kwa mtu. Mkoloni yule! Alinuna tu, na alijua kwamba watu wamekwenda kuzika.

Kama sisi tuligoma, Leodgar, basi baba yako alizikwa na wagomaji, na wewe ulibebwa na mgomaji ukinyonya kidole. Andika na hilo, ulipigie muhuri.

Sikuombi huruma wala upendeleo wa ndugu. Nataka uandike barua ya pili, ndefu kama ile ya kwanza, useme kwamba ulikosea, na isomwe getini, juu ya kreti ileile. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yetu. Ina maneno matatu tu, Tulikwenda kumzika Zaituni, na chini yake majina kumi na moja. Hakuna dole gumba hata moja. Margareta alirudia herufi zake mara nne mpaka zikakaa sawa.

Mwalimu Pastory anakusalimu, anasema aliwahi kujivunia mwandiko wako. Margareta anakusalimu. Mzee Feliksi bado yuko hai, macho yamefifia, anakuulizia. Sijamwambia. Msalimie sana Melania, na mtoto mbusu mahali pangu.

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe ujasiri wa kufuta ulichokiandika. Nakupenda, na ndiyo maana sikumwachia mtu mwingine kalamu.

Ni mimi shangazi yako,
Honorata

Nilisahau: kaburi la baba yako limeota majani mpaka msalaba hauonekani. Jumatano hii tutakwenda kulifyeka, sote kumi na mmoja, maana siku hizi nafasi tunayo. Kama na hilo ni mgomo, tuandikie mapema.