Jina Lako kwa Nukta

Mama wangu mpenzi,

Najua dada yangu mkubwa, Yaya Béatrice, ndiye anayekusomea kadi hii. Shikamoo nyingi kutoka Likasi, kwenye jua na vumbi jekundu.

Leo nimeingia maktaba ambamo vitabu vyote vinahusu upofu. Mtunzaji wake, Papa Floribert, naye haoni. Nilimwambia kwamba tangu macho yako yazime, hukaribii tena jiko. Akatoa kitabu kinene cha nukta nundu, akanisomea kwa vidole habari za mwanamke kipofu aliyejifunza upya kusonga bukari, akisikiliza maji yanavyochemka. Nikaikumbuka bukari yako, machozi yakanitoka.

“Weye, usilie juu ya kitabu!” akasema. “Nukta zikilowana zitalala, na miye nitasoma nini?”

Tukacheka. Kisha akanishika mkono, akanifundisha kutoboa nukta. Hapa chini ya kadi, Mama, pitisha kidole polepole. Hilo ni jina lako. Nimelitoboa mara tatu ndipo Papa Floribert akasema halina kosa. Usisomewe na mtu.

Nina hamu nawe kila saa. Mungu akushike mkono mpaka nifike.

Mwanao,
Dorcas