Ile Linki Uliyoniuliza

Tata,

Ni mimi, mwanao Kemi. Nimekaa kwenye kiti chako hapa barazani Muleba, simu yako mapajani. Duka langu la stesheneri kule Kashai halijafunguliwa tangu tulipokuzika. Wateja wananipigia, barua pepe zao zimegoma, wanataka nikawarekebishie. Nawaambia wasubiri. Mganga hajigangi, Tata, na mganga mwenyewe ndiye mimi.

Kaburi lako limekaa vizuri pale kibanjani, kwenye migomba yako, kando ya Mama. Mvua imeshusha udongo kidogo, nimeujaza kwa mikono.

Jana nilifungua barua pepe yako ili niwajulishe walimu wenzako wa zamani. Nikaikuta barua ya Koku. Ileile.

Unaikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nyuma ya nyumba napara samaki, ukaja na simu umeinyoosha mbele. "Kemi, dada yako ameandika toka Kanada. Anasema amerekodi sauti yake, nibonyeze hapa nimsikie. Mbona hapabonyezeki?" Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Achana nayo, Tata. Matapeli hao. Siku hizi wanatumia hata majina ya ndugu."

Hapakubonyezeka kwa sababu mimi ndiye niliyepafunga. Rafiki yako wa Maruku alipobonyeza linki ya uongo na barua pepe yake ikaibwa, niliingia kwenye mipangilio yako nikazuia linki zote, za wema na za wabaya, nikatamba kwamba baba yangu haibiwi na mtu. Kuliruhusu jina la Koku kungenichukua dakika moja. Sikuliruhusu. Hakuja kumzika Mama, ukakataa kuongea naye, na mimi hasira yako niliifanya yangu.

Wewe uliyekuwa ukibishana hata na redio, siku hiyo hukubisha. Ulisema tu, "Haya, wewe ndiye unayejua." Ukairudisha simu mfukoni, ukaenda zako kwenye migomba. Maneno hayo yananichoma, Tata.

Jana nimeondoa zuio, nikabonyeza. Rekodi haipo tena, muda wake umekwisha. Alichokuambia mwanao anakijua yeye peke yake.

Tena kuna baya zaidi. Siku ya pili baada ya mazishi Koku alipiga simu analia. "Tata aliisikiliza sauti yangu?" Nikamjibu, sijui. Nilijua! Na sasa dada yangu anaamini kwamba ulimsikia, ukamnyamazia mpaka ukafa.

Leo asubuhi nilikuwa nakunja koti lako la kanisani. Mfukoni nikakuta kifurushi cha jani kavu la mgomba, ndani yake akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo kila mgeni wako aliipokea kabla hujamuuliza habari. Umekifunga kwa uzi, na kwenye kikaratasi umeandika kwa mwandiko wako wa ubaoni: "Ya Koku." Kumbe ulikuwa unamngoja. Nimelia mpaka shangazi akaja mbio toka jikoni akidhani nimeanguka.

Ulitufundisha tungali wadogo kwamba mtu akiikataa kahawa mkononi mwako, bado ana neno na wewe. Tulicheka. Koku alikuwa akinikatalia makusudi, tukigombania daftari, kisha jioni anakuja kuomba.

Pumzika, Tata. Nikiweka kalamu chini nampigia, kabla woga haujanirudia. Nitamwambia hukumnyamazia, ni mimi niliyemzuia. Hilo nakuahidi. Kahawa yake nimeirudisha kwenye jani lake, sijagusa hata punje. Akija nitampigia magoti hapo mbele yako, kama mdogo kwa mkubwa wake, nimpe kwa mikono miwili. Kisha nitangoja kuona kama atapokea.

Mwanao,
Kemi