Ghorofa ya Juu, Namba 14

Jumamosi, 7 Juni

Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ile nyumba namba 14 kwenye mtaa wa maghala, ghorofa ya juu — sikubisha hodi. Nilisikia mashine ya kufuma sweta ndani, krra, krra, na mwanamke akicheka. Nikashuka. Kwenye fomu nikaandika T. Tupu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Baba mdogo ni ofisa wa mipango miji, nami nakaa kwake tangu mama ahamishiwe kazi mbali. Alipungukiwa watu wa kuhesabu nyumba za mtaa ule unaopakana na ziwa. Akanipa ubao wa kuandikia, kalamu mbili na orodha ya herufi: M makazi, B biashara, G ghala, T tupu. Kazi rahisi! Bisha, salimia, uliza, andika. Lakini mimi hata dukani nikikuta watu wawili nasubiri watoke kwanza. Ngazi za namba 14 zina kona yenye giza. Nilisimama pale nikafanya mazoezi: hodi, shikamoo, samahani kwa usumbufu. Nikarudia. Sauti haikutoka.

Nikajiambia nitarudi kesho. Kesho nikapangiwa mtaa mwingine.

Leo ramani imetoka. Baba mdogo aliitandaza juu ya meza ya kulia, akabana pembe zake kwa vikombe. Mpango wa miaka thelathini wa kufufua katikati ya mji! Gati la zamani litakuwa bustani, maghala yaliyo imara yatakarabatiwa, na kutakuwa na njia ya kutembea kando ya maji kutoka sokoni hadi stesheni. Ni mpango mzuri. Hilo ndilo linaloniumiza, ni mzuri kweli. Namba 14 imepakwa rangi ya kijivu. Chini ni ghala lililofungwa miaka mingi, juu ni T yangu. Kwa hiyo nyumba nzima haina mtu. Mahali pake wamechora ngazi pana za kushukia majini. Awamu ya kwanza. Inavunjwa Septemba.

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu wa jiografia kanisimamisha mbele ya darasa. Eti mwanafunzi wake kashiriki kupanga mji! Makofi. Nilitazama viatu vyangu. Halafu akatangaza kwamba wiki ijayo kuna mkutano wa wazi, ofisi inataka kijana mmoja asome hotuba, na yeye ameshapeleka jina langu.

Ameshapeleka.

Mapumziko ikawa ni Meya huku, Meya kule. Mheshimiwa Meya, choo cha wavulana hakifungi, mpango unasemaje? Deskmeti wangu akawajibu kwamba kimewekwa awamu ya tatu. Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Jumatano, 11 Juni

Nimepita ofisini kwa baba mdogo baada ya shule. Pale mapokezi wameweka mfano wa mji ndani ya sanduku la kioo. Vijumba vya ubao mwembamba, ziwa la plastiki ya bluu, miti iliyokatwa kutoka kwenye sponji ya kuoshea vyombo na kupakwa kijani. Vijitu vidogo vyeupe vinatembea kando ya maji. Nilitafuta namba 14. Vijitu viwili vimekaa kwenye ngazi zake.

Mshauri, yule aliyeletwa kuandaa mpango, akaja kusimama karibu. Mtu mpole. Akaniuliza umri wangu, akapiga hesabu: mpango ukikamilika utakuwa na miaka arobaini na sita, utawaleta wanao hapa. Nikakusanya nguvu zote nikamuuliza, wanaokaa kwenye nyumba za kuvunjwa wanakwenda wapi? Akafurahia swali. Kila aliyeorodheshwa anapewa chumba cha muda, na jengo jipya likiisha anarudi palepale mtaani. Ni haki yake, imeandikwa.

Na asiyeorodheshwa?

"Asiyeorodheshwa hayupo," akasema. "Asiyekuwepo hahamishwi."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati lake.

Alhamisi, 12 Juni

Nilidhamiria kusema leo. Nilimkuta baba mdogo anapiga pasi shati la kesho huku akiimba vibaya, kama kawaida. Nikaanza kwa mbali: baba mdogo, fomu zikiwa na kosa inakuwaje?

Akasema hazina kosa, amezisaini zote mwenyewe, NIMEHAKIKI, sahihi na mhuri. Sheria inamtaka apite nyumba moja moja. Hakupita. "Nipite nikatafute nini, na wewe Profesa umeshapita? Kwa mwandiko ule hata mimi ningekuajiri."

Mama mdogo akadakia kutoka jikoni: na kosa likitokea?

"Likitokea nitatafutiwa kiti stoo ya majalada, nilinde panya." Wakacheka wote wawili. Mwezi ujao wanaamua kama atathibitishwa kuwa mkuu wa mradi. Miaka tisa amekaimu vyeo vya watu wengine.

Nilikunja nguo alizokwisha kupiga pasi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepanda. Mpaka juu. Labda amehama, labda ile mashine ilikuwa ya mtu wa kupita tu — nilitaka sana iwe hivyo.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kirefu, madirisha matatu, ziwa lote ndani. Mashine ya sweta katikati, fundi mwenyewe, yule mwanamke wa kicheko, ameiinamia; mafungu ya sweta za shule yamefungwa kwa uzi: za kijani, za maruni, za bluu. Kitandani karibu na dirisha mume wake. Amepooza upande mmoja. Ananyoosha uzi kwa mkono mzima na kuuviringisha, na anasahihisha redio kila inapokosea jambo.

Kabla sijafungua mdomo fundi akaniita mwanangu, akanivuta kwenye mwanga na kunizungushia futi. Kifua, mkono, urefu. Alidhani nimekuja kushonesha sweta! Nami nikanyoosha mikono kama msalaba. Mume akasema huyu mtoto anakonda kwa kusoma, muongezee inchi moja ya matumaini. Fundi akamwambia anyamaze, wateja wenyewe hawa wa kuhesabu.

Akaandika vipimo vyangu. Halafu akaangalia barabarani, akasema kama anayezungumza na dirisha: Aprili tuliambiwa watapita watu wa mipango. Alifua mapazia. Alimnyoa mzee ndevu. Siku tatu hakwenda sokoni, asije akakosekana. "Hawakufika. Labda ngazi ziliwashinda." Ndugu yake anamshauri akaulize kwenye mkutano.

Nikasema asante, shikamoo, kwaheri, kwa mpangilio huohuo. Nilishuka mbio.

Jumanne, 17 Juni

Mkutano. Ukumbi ulijaa. Nilikaa jukwaani kati ya mwalimu wa jiografia na jagi la maji. Baba mdogo kiti cha tatu, shati lile.

Maswali yalitangulia. Maegesho. Mitaro. Kijana mmoja akauliza kama ziwa nalo litakarabatiwa, watu wakapiga vigelegele. Halafu nikamwona fundi sweta anasimama nyuma kabisa. Amevaa vizuri, mkoba kaukumbatia. Akasema anakaa namba 14 juu, mwaka wa kumi na moja huu, na mgonjwa. Kwenye ramani hayumo. Anaomba kujua kwa nini.

Mkurugenzi, bosi wa baba mdogo, akafungua faili taratibu. Akasoma: ghorofa ya juu, tupu, imehakikiwa. Akavua miwani. Akasema ofisi inafahamu kuna watu wanaohamia kwenye majengo matupu wakisikia habari za mradi ili wapewe vyumba. Akasema hamtaji mtu.

Ukumbi ukaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Wajanja hao!" Fundi akasema, mimi? Mimi mjanja? Jirani yake akamvuta akae.

Baba mdogo alikuwa anatazama meza.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisimama. Ningeweza kusema palepale, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu! Nikasoma hotuba. Yote. Kurasa mbili, "mji utakaotupokea sote". Makofi marefu. Na nyuma kule fundi sweta naye anapiga makofi, anamwonyesha jirani yake, nikasoma midomo yake: ni mteja wangu yule.

Jumatano, 18 Juni

Sikwenda shule. Nimesema tumbo. Mama mdogo kaniletea uji na kunishika paji la uso. Nimelala nimeangalia ukuta.

Alhamisi, 19 Juni

Baba mdogo amekuja chumbani, akakaa pembeni ya kitanda. Hakuniita Profesa. Aliniita kwa jina langu.

"Namba 14. Ulipanda?"

"Nilipanda."

Ni kweli. Nilipanda mpaka kwenye kona. Akashusha pumzi, akanipiga begani mara mbili, akasema alijua, alijua tu. Akatoka. Nilimsikia sebuleni anaimba.

Sasa sina hata mlango wa kutokea. Nimeufunga mwenyewe na yeye yuko nje yake, ananiamini.

Kesho saa kumi jioni ndiyo mwisho wa kupokea mapingamizi.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisi ya mipango miji.

Nimetoka shule saa nane, nimekuja kwa miguu. Niliomba fomu ya pingamizi. Karani akauliza, wewe ni mwenye nyumba, mpangaji au jirani? Kuna visanduku vitatu tu. Nikasema mimi simo. Akasema basi andika pembeni. Nikaandika: aliyehesabu. Nikajaza. Tarehe ya Aprili. Nilisimama kwenye kona ya ngazi. Nilisikia mashine ikifanya kazi. Sikubisha. Niliandika T. Wanaishi watu wawili, mmoja hawezi kutembea. Nikaweka majina yangu yote matatu.

Karani akagonga mhuri kabla ya kusoma. Halafu akasoma. Akaniangalia, akasoma tena.

"Unamjua aliyehakiki?"

"Ni baba yangu mdogo."

"Aisee." Akakuna shingo. Akasema utaratibu ni kwamba fomu inapelekwa kwanza kwa aliyesaini, ajibu kwa maandishi. Kama nataka kuiondoa, niiondoe sasa hivi, yeye karani hajaona kitu. Akaiacha juu ya kaunta, katikati yetu, akajifanya anatafuta kalamu.

Nilimwambia aipeleke.

Ameingia nayo. Mlango una kioo, namwona baba mdogo ameipokea huku anazungumza na simu. Sasa ameweka simu. Amevaa miwani. Anasoma. Amemaliza ukurasa wa kwanza, hajafungua wa pili. Saa tisa na dakika arobaini. Karani ametoka, hanitazami.

Kuna mlango mwingine upande ule wa ngazi, anaweza kupita huko asinione. Hapa nilipokuwa nilifichwa nusu na kabati la mafaili, namchungulia tu. Nimehamia benchi la mbele, lile linalotazamana na mlango wake.